Yowe la Upande wa Majabali

Haya, sogeeni tuendelee. Najua mmenisema wiki nzima. Wapo walioniita katili kwa kumwacha Antipasi chali juu ya mwamba, mkuki wa Mzee Mathayo ukiwa kooni mwake. Mama mmoja alinisimamisha sokoni akaniuliza kama kijana wa watu amekwisha kufa. Nikamwambia, mama, nunua gazeti.

Kwa aliyechelewa, nasimulia kwa pumzi moja. Enzi zile za Mwingereza, wazungu walikuja Ihanja, huku kwetu Unyaturu, kutengeneza sinema ya kauboi, ile isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe tupu. Walisema majabali yetu yanafanana na ya Amerika. Wakaazima ng'ombe wa Mzee Mathayo. Wakamwandika kazi Antipasi, mtoto wa pekee wa mjane Marietha, awe mwizi wa ng'ombe. Wakamwandika na Rahabu, mchumba wake, apige kelele ng'ombe wakichukuliwa. Mkubwa wao, mzungu mwekundu ambaye watu walimwita Bwana Kelele, alimwambia alie kama kweli. Binti wa watu akalia kama kweli.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Yowe la ng'ombe likipigwa Unyaturu, hakuna anayeuliza maswali. Mwenye jembe analitupa, anayekula anasukuma bakuli, na kila boma linalipokea yowe na kulipeleka mbele. Rahabu hajafunga mdomo, majabali yalikwisha kujaa mikuki, na mwizi mwenye kofia nyeusi na leso usoni alikuwa chini. Tuliishia hapo.

"Taja jina lako," Mzee Mathayo alisema. "Nataka nijue ninamuua nani."

Antipasi hakuweza kutaja kitu. Leso ilikuwa imembana mdomo, na shati lake lilikuwa limelowa damu nyeusi kuanzia kifuani hadi kiunoni.

Rahabu alijipenyeza katikati ya miguu ya wanaume, akapiga magoti, akaivuta leso.

"Baba mkubwa, mtazame. Ni Antipasi wa mama Marietha."

Mzee Mathayo ndiye aliyemlea Rahabu tangu baba yake alipofariki, na ndiye aliyepokea mahari. Alimtazama mkwe wake mtarajiwa, akakaza mkono kwenye mkuki.

"Basi nina hasira mara mbili," alisema. "Mkwe anayeniibia ng'ombe ndiye wa kuanza naye."

"Hajaiba, baba mkubwa. Ni mchezo wa wazungu."

"Na hiyo damu? Wenzangu wamekwisha kumchoma, nabakia mimi tu. Ondoka hapo, binti."

Rahabu angesema nini? Basi akafanya kitu ambacho wazee wa Ihanja walikisimulia hadi meno yakawatoka. Alipitisha kidole kwenye shati la Antipasi, akakitia mdomoni, akakilamba.

Wanaume walirudi nyuma. Mmoja alitema mate.

"Ni sukari guru," Rahabu alisema. "Sukari guru ya dukani kwa Mhindi, imechanganywa na masizi ya chungu. Picha yao haina rangi, damu nyeusi inatosha. Onja, baba mkubwa."

Akakichovya kidole tena, akamnyooshea. Na Mzee Mathayo, mkuki mkononi, mbele ya watu wazima wenzake, akainama akaonja. Midomo ikacheza kidogo.

"Tamu," alisema, kama mtu aliyedhulumiwa. Akashusha mkuki.

Antipasi alicheka. Nawaambieni alicheka, yule aliyekuwa amekwisha kuhesabiwa maiti, na Rahabu alimpiga kofi la begani kwa hasira na kwa furaha.

Mnadhani yaliishia hapo? Bwana Kelele alitoka nyuma ya kamera akiruka ruka. Kamera ilikuwa ikizunguka muda wote ule. Mikuki, vumbi, mzee mwenye hasira, vyote vilikuwa ndani ya mkanda.

"Mzuri sana!" alipayuka kwa Kiswahili chake. "Kesho tena! Yote tena!"

Hakuna aliyefurahi. Watu walikuwa wameacha uwele uwanjani katikati ya kupura. Yowe la ng'ombe si kitu cha kuchezea, na aliyelipiga bure anatozwa dume la kuwalisha waliokimbia. Mzee Mathayo akageuka amtazame Rahabu. Dume la kutoa yatima huyu atalitoa wapi?

Ndipo Kefa, mkalimani, akasogea mbele.

Kefa alikuwa mtu wa Shelui, nadhifu, mwenye viatu vya kamba na maneno laini. Shelui malori yanalala, na mtu aliyekulia palipo na malori anajua kuongea na kila mtu. Aliwasalimu wazee kwa adabu, shikamoo kwa kila mmoja, akamnong'oneza Bwana Kelele sikioni. Bwana Kelele akakubali kwa kichwa, akalipia dume la faini yeye mwenyewe. Jioni ile ile likachinjwa, watu wakala wakashiba, hasira ikashuka.

Watu walipokuwa wakilamba vidole, Kefa akapiga magoti kwa wazee.

"Wazee wangu, mnasumbuka bure," alisema. "Hawa wazungu watarudia kitu kimoja hadi mwezi ukatike. Mtaacha uwele wenu mara ngapi? Kubalianeni tu. Hadi wazungu waondoke, yowe la upande wa majabali lisiitikiwe. Yowe la pande nyingine, kama kawaida."

Wazee wakatazamana. Nyama ilikuwa imewalegeza. Neno lenyewe lilionekana la busara.

Rahabu alikuwa akipita na maji ya kunawa. Alisimama.

"Baba mkubwa, na likiwa la kweli?"

Msichana kuingilia baraza la wazee, hilo peke yake lilikuwa kosa. Mzee Mathayo alikunja uso. Kefa ndiye aliyejibu, akicheka.

"Dada yangu, nani aibe ng'ombe mbele ya kamera?"

Wote wakacheka. Mzee Mathayo akasema imepita. Wajumbe wakapelekwa kwenye maboma, na kabla ya kulala kila mtu alijua: yowe la upande wa majabali si yowe.

Rahabu hakucheka. Alilala akigeuka huku na huku hadi shangazi yake akamuuliza kama kitandani kuna siafu.

Kesho yake majabali yalikuwa na pilikapilika tangu asubuhi. Nikueleze kidogo, msomaji, jinsi uongo wa wazungu unavyopikwa. Walikuja na farasi wengi, mbung'o wakawamaliza njiani. Alibaki farasi mmoja mweupe, naye alikuwa wa Bwana Kofia, mchezaji mkuu, yule ambaye kwenye sinema anawaokoa ng'ombe. Wezi wakapewa punda. Kamera ikashushwa shimoni, ikatazama juu, na punda wa Ihanja wakaonekana warefu kama farasi. Halafu wanaweka kioo chekundu mbele ya kamera saa sita za jua kali, na kwenye picha unakuwa usiku wa mbalamwezi.

Siku hiyo wezi walikuwa watatu. Antipasi, na wanaume wawili ambao Kefa aliwaleta kutoka kwao Shelui. Kazi yao ilikuwa nyepesi: kuwaswaga ng'ombe hadi nyuma ya jabali kubwa, kusimama huko, na kusubiri neno la kuwarudisha.

"Rahabu," Antipasi alimwita kabla ya kuanza. "Leo usilambe damu ya mtu. Wazee watasema nimeoa mchawi."

"Leo nina wasiwasi," Rahabu alimjibu.

"Wasiwasi wa nini?"

"Sijui. Ndiyo maana ni wasiwasi."

Antipasi alitaka kumjibu, lakini Kefa akamwita aende nyuma ya jabali. Damu haitoshi kwenye shati, alisema, iongezwe. Antipasi akaenda. Rahabu akamwona akipotea kwenye kona ya mwamba, akipiga mluzi.

Kazi ikaanza. Wezi watatu wakatokea na punda, kofia nyeusi, leso usoni. Bwana Kelele akaanza kupayuka kwa Kiingereza, akanyoosha mkono kwa Rahabu, akapayuka tena. Hakuna aliyeelewa. Akatazama kushoto na kulia.

"Kefa!" aliita. "Kefa!"

Kefa hakuonekana. Rahabu akakisia kwa mikono ya mzungu kwamba ni wakati wake, akapiga yowe.

Alipiga huku macho yake yakiwa kwa ng'ombe. Aliyetangulia mbele alikuwa Mabaka, maksai mzee wa baba mkubwa, mwenye kengele. Mabaka hapigwi. Ukimpigia mluzi anakufuata hadi jikoni, na wengine wote wanamfuata yeye. Antipasi alimjua vizuri, jana yake alimwongoza kwa mluzi tu. Leo mwizi wa katikati, mwenye shati jeusi kwa sukari guru, alimchapa Mabaka fimbo ya mgongo, akamchapa na ya pili.

Rahabu aliacha yowe katikati.

Ng'ombe walizunguka jabali, vumbi likawafuata. Bwana Kelele akasema kata. Watu wakanyoosha viungo, wakasubiri ng'ombe warudi.

Hawakurudi.

Bwana Kelele akatazama saa. Akapiga kelele. Kengele ya Mabaka ilisikika mbali, halafu mbali zaidi, halafu haikusikika.

Rahabu alikuwa amekwisha kukimbia. Nyuma ya jabali kubwa hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Kulikuwa na punda watatu wametelekezwa, na kwenye ufa wa mwamba kulikuwa na mtu amefungwa kamba mikono na miguu, kifua wazi, leso imesukumwa mdomoni.

"Kefa," Antipasi alisema leso ilipotoka. Alikuwa na nundu kisogoni. "Kanipiga kwa nyuma. Kachukua shati langu na kofia. Yule aliyepanda punda wangu ni yeye."

Rahabu alifungua kamba kwa meno na kucha. Kichwani mwake kila kitu kilikuwa kikijipanga chenyewe. Nani aliwaleta wale wawili? Kefa. Nani aliwaambia wazee wasiitikie? Kefa. Tena alipiga magoti, na mikono ikinuka nyama ya dume la faini.

"Waite watu," Antipasi alisema. "Wamewapitisha korongoni. Wakifika barabara ya malori tumekwisha. Na mimi nitakuwa mwizi, Rahabu. Watu wote waliona shati langu likiwaswaga. Nani ataamini?"

Hilo ndilo lililomchoma Rahabu. Ng'ombe wakipotea, Antipasi ni mwizi, na mkuki wa jana hautashuka mara ya pili.

Alipanda juu ya jabali, akajaza kifua, akapiga yowe la ng'ombe. Alilipiga kwa nguvu zote. Chini kule, uwanja wa kupuria ulionekana wote. Aliwaona wanaume wakiinua vichwa. Alimtambua Mzee Mathayo kwa kofia yake ya ukindu.

Mzee Mathayo alinyoosha mkono juu, akampungia kwa furaha, kama mtu anayemsalimu mtoto wake aliyeko kazini. Kisha akainua fimbo yake, akaendelea kupura uwele.

Rahabu alipiga tena. Akapiga hadi sauti ikapasuka. Hakuna aliyeinua hata kichwa. Wanawake wawili walicheka, akawaona wakicheka, na machozi yakamtoka kwa uchungu.

Akateremka, akamkimbilia Bwana Kelele. Akamwonyesha korongo, akaonyesha pembe za ng'ombe kwa mikono kichwani, akalia, akamvuta shati. Mzungu alimtazama, macho yakang'aa, akageuka kwa mtu wa kamera na kumwashiria azungushe. Alidhani binti anacheza.

Bwana Kofia, mwokozi wa ng'ombe, alikuwa kivulini kwenye kiti cha turubai, anakunywa chai. Rahabu akapiga magoti mbele yake. Kwenye picha huyu ndiye anayekimbia mbele ya kila mtu. Bwana Kofia akamtazama kwa huruma, akampa biskuti.

"Mwache," Antipasi alisema nyuma yake. "Huyo anaokoa wakiwa na kioo chekundu tu."

Alikuwa amekwisha kumfungua yule farasi mweupe. Tangu wazungu waje yeye ndiye aliyekuwa akimnywesha maji na kumfukuzia mbung'o kwa tawi, farasi akawa anamjua kuliko Bwana Kofia. Alikuwa amevaa shati jingine la wezi alilolikuta kwenye sanduku, nalo pia lilikuwa na sukari guru, bichi, inanata.

"Usiende peke yako," Rahabu alisema.

"Nawafuata kwa macho tu. Nisipojua wametokea wapi, hata watu wakija watafuata nini? Wewe waite."

"Hawaji, Antipasi. Nimeita hawaji."

"Basi waite kwa sauti nyingine."

Akaondoka mbio. Bwana Kofia akasimama na kikombe chake, akamwita farasi wake kwa jina la Kizungu, farasi hata hakugeuka.

Kwa sauti nyingine. Rahabu alisimama pale, maneno yale yakimzunguka kichwani. Hadi afike uwanjani kwa miguu, au upande mwingine ambako yowe linaitikiwa, ng'ombe wangekuwa wamekwisha kupakiwa malorini. Ipo sauti nyingine. Kila mtoto wa kike anaijua, na kila mtoto wa kike amekatazwa kuitoa hata kwa mzaha. Ni kilio cha msiba. Wazee walikataa yowe la ng'ombe, hawakukataa kilio. Kilio kikisikika watu wanakuja, hata adui anakuja.

Lakini kilio kinataka jina. Bila jina watu watakimbilia boma lipi? Na jina la nani angelitaja? Baba mkubwa yuko uwanjani, angesikia mwenyewe akililiwa. Wazungu hakuna anayewalilia. Aliyekuwa majabalini, ambaye Ihanja nzima ilijua yuko majabalini, alikuwa mmoja.

Kumlilia mtu aliye hai ni kumwita mauti. Rahabu alikuwa Mkristo, alibatizwa, na bado alisita mara mbili kabla ya kuushika mwamba kupanda.

"Nisamehe," alisema, farasi akiwa kule mbali amekuwa doa jeupe.

Kisha akaweka mikono kichwani, akalia.

"Antipasi. Antipasi wee, umetuacha na nani."

Uwanjani fimbo zilisimama zote kwa pamoja.

Walikuja, msomaji. Walikuja wote. Wanaume mbele, wanawake wakijifunga khanga viunoni njiani. Mzee Mathayo alifika akihema, na alipomwona Rahabu amesimama bila maiti miguuni pake, akamshika mabega.

"Yuko wapi? Ameangukiwa na mwamba?"

"Hajafa, baba mkubwa. Ng'ombe wameibwa kweli. Ni Kefa. Niliita hamkuja."

Sitawaandikia uso wa Mzee Mathayo ulivyokuwa. Alikumbuka alivyonyoosha mkono. Alikumbuka na nyama.

"Wamepita wapi?" alisema.

"Korongoni. Antipasi anawafuata na farasi. Fuateni kwato zake."

Wanaume wakageuka, na hapo wakatazamana mikono. Watu hawaendi msibani na mikuki. Walikuwa na fimbo za kupuria tu. Mzee Mathayo akasema fimbo ni fimbo, wakaondoka mbio, vumbi likawafunika.

Bwana Kelele, kwa mara ya kwanza, alianza kuelewa. Alikwenda kwenye hema lake haraka, akatoka taratibu. Bunduki za sinema zilikuwepo zote, zile zinazotoa moshi na kelele tu. Aliyoikosa ni ile moja ya kweli, ya kuogopesha simba. Alijaribu kumweleza Rahabu. Alionyesha bunduki ya mchezo, akatikisa kichwa. Alionyesha mahali patupu, akajigonga kidole kifuani kama risasi ikiingia. Safari hii Rahabu hakuhitaji mkalimani: bunduki ya kweli ilikuwa kwa Kefa.

Na hapo hapo Marietha akafika.

Mama wa watu alikuwa amekimbia kutoka shamba la mbali, peku, kitambaa kimemtoka kichwani, majivu amekwisha kujipaka usoni. Wanawake walimpisha. Rahabu akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Marietha hakuitika.

"Nionyesheni mwanangu."

"Yu hai, mama. Mimi ndiye niliyelia. Nililia ili watu waje. Amekwenda kufuata ng'ombe, atarudi sasa hivi."

Marietha alimtazama. Alikuwa akimpenda msichana huyu. Alikuwa amekwisha kumshonea mkeka.

"Umemlilia akiwa hai," alisema polepole. "Umemtaja jina."

"Ndiyo, mama."

"Nilimzika baba yake. Nikawazika na wadogo zake. Nikasema huyu mmoja nitamwachia Mungu, hakuna atakayemgusa. Wewe umemgusa." Sauti haikupanda. "Kilio kikitoka hakirudi mdomoni, Rahabu. Hadi mama yake mtu ampulizie maji usoni, na jua likiwa bado juu. Kwetu ndivyo ilivyo. Leteni maji."

Wakaleta kibuyu. Marietha akakipakata, akaketi juu ya jiwe, uso kwenye korongo. Rahabu akaketi chini karibu na miguu yake. Jua lilikuwa limeanza kuinama.

Wakasubiri. Rahabu alisimama, akaketi, akasimama. Alihesabu majabali. Alinyonyoa majani. Marietha hakutikisika, mdomo umejaa maji tayari, mashavu yametuna.

Kisha kukasikika mlio wa bunduki kutoka mbali, upande wa barabara ya malori. Mmoja tu. Wanawake walisema ni wazungu. Lakini wazungu wote walikuwa pale pale, na Bwana Kelele alikuwa amevua kofia.

Marietha alimeza maji yale. Akachota mengine.

Jua likagusa vichwa vya majabali, na hapo ikasikika kengele. Kengele ya Mabaka. Maksai mzee alitokea kwenye mdomo wa korongo akitembea kwa madaha yake, na nyuma yake kundi zima, na nyuma ya kundi wanaume wakiimba. Rahabu alipiga vigelegele hadi akashindwa kupumua. Ng'ombe wamerudi. Jina la Antipasi limesafishwa.

Mzee Mathayo alikuja mbele, jasho linamtiririka, anacheka.

"Mkwe wangu dume," alisema. "Tuliwakuta ng'ombe peke yao korongoni, wezi wamekimbia. Kawatia hofu peke yake. Njoo, Antipasi, njoo nikushike mkono mbele ya watu."

Akatazama huku na huku.

"Yuko wapi?"

Rahabu aliacha vigelegele. "Si mko naye?"

"Kwato za farasi ziliwapita ng'ombe zikaendelea mbele, na mlio tuliousikia tulidhani ni bunduki za mchezo. Tukadhani ametangulia kurudi kwa njia ya juu, kuwaambieni habari."

Wimbo ulikatika kwa mtu mmoja mmoja.

Farasi mweupe alitokea kwenye njia ya juu. Alikuja anatembea, hatamu zinaburutika chini, anasimama, anatembea tena. Hakuwa na mtu mgongoni. Alimpita Bwana Kofia, akaja moja kwa moja pale alipozoea kunyweshwa, akasimama mbele ya Marietha na kibuyu chake cha maji.

Tandiko lilikuwa limeinama upande mmoja, na upande huo ulikuwa mweusi, umelowa, unang'aa.

"Ni sukari guru," mtu alisema haraka. "Shati lake lilikuwa na sukari guru. Si ndiyo, Rahabu?"

"Ndiyo," Rahabu alisema. "Lilikuwa bichi. Lilikuwa linanata."

Wote walimgeukia. Jana yake alimwokoa Antipasi kwa kidole hiki hiki, mbele ya watu hawa hawa. Mzee Mathayo akamwashiria kwa kichwa, kama anayemsihi aonje. Marietha aligeuza uso kutoka korongoni, mashavu yake yametuna maji, macho yake kwenye mkono wa msichana.

Rahabu alipitisha kidole kwenye tandiko. Akakitia mdomoni.

Ilikuwa chumvi.

Alikiondoa kidole mdomoni. Alijitahidi uso wake usiseme kitu, alijitahidi sana. Lakini Marietha alikuwa mama, na alikuwa karibu. Kibuyu kilimteleza mapajani kikapasuka juu ya jiwe.

"Usilie, mama," Rahabu alisema, akimshika miguu. "Nakuomba. Mimi nililia uongo. Ukilia wewe itakuwa kweli. Jua bado lipo, mama, tazama, bado lipo."

Marietha alilitazama jua. Kisha akayatema maji chini, akaweka mikono yote miwili kichwani, na akafungua mdomo.